Stelingi Hafi: Matrix ya Nne Ilikuwa na Haki ya Kutunyima, Ila Sio Ngumi

Nataka kuongelea Matrix ya nne, ila naomba nianzie kibandani maana bila kibanda hutonielewa. Nimekulia Tanga, na pale mtaani kwetu kulikuwa na kibanda umiza kimoja cha mabati, tivii ya inchi 21 imefungiwa kwenye sanduku la mbao, mabenchi ya miguu mifupi, gunia limening'inizwa mlangoni kuzuia mwanga na kuzuia wasiolipa wasichungulie. Na mle ndani kulikuwa na sheria moja tu ambayo hakuna mtu aliyeiandika ila wote tuliijua, stelingi hafi. Stelingi anaweza akapigwa mpaka akatema damu, akatupwa kutoka ghorofani, akachomwa kisu cha mbavu, adui akacheka weee, ila mwisho lazima anyanyuke, ammalize adui mkubwa halafu aondoke na demu wake. Muvi ikianza tu swali la kwanza linakuwa "stelingi nani?" ukishaonyeshwa basi roho inatulia, yaani hata wakimzingira watu hamsini unajua wanajisumbua.

Sasa The Matrix ilitoka Marekani tarehe 31 Machi 1999, sisi ikatufikia baadaye sana, mkanda ushadurufiwa mpaka rangi zimeparara, na mwenye kibanda ndo alikuwa mtafsiri wetu. Zile zilikuwa enzi ambazo mtu kama Lufufu alikuwa anaingiza sauti yake juu ya mkanda anakuelezea muvi nzima kwa Kiswahili, ila mkanda wetu haukuwa umetafsiriwa na mtu, kwa hiyo mzee wa kibanda akasimama mwenyewe pembeni ya tivii akawa anatupa maelezo. Akatuambia hawa wenye suti na miwani myeusi ni majini. Wanampanda mtu. Unaona yule mwanamke barabarani, sio yeye tena, ameshapandwa. Na simu ndo njia ya kutokea, ukichelewa simu umeliwa. Zile herufi za kijani zinazoteremka kwenye skrini akasema ni talasimu, na sisi tukaziogopa kweli, mimi nilikuwa siziangalii moja kwa moja. (Nimekuja kujua ukubwani kwamba aliyezitengeneza, Simon Whiteley, amesema alizitoa kwenye vitabu vya mapishi vya mke wake ambaye ni Mjapani. Sushi. Miaka yote ile tunaogopa sushi.)

Watu wanacheka nikiwasimulia hii ila mi naona yule mzee alikuwa mchambuzi mzuri kuliko wengi wanaoandika leo. Maana fikiria vizuri, kitu ambacho kinaweza kuingia kwenye mwili wa mtu yeyote wa karibu, kikautumia kikauacha mfu, we ungekiitaje? Kwa mtoto wa Tanga huhitaji somo la kompyuta kuelewa hapo. Na wazo kwamba hii dunia unayoiona ina nyingine nyuma yake, na kuna wachache wanaoweza kuona kote kuwili, mbona hilo bibi yangu alikuwa analizungumza wakati anachambua mchele.

Kwenye ile ya kwanza Neo, stelingi wetu, anapigwa risasi za kifua kwenye korido, anateleza ukutani, amekufa. Kibanda kimya. Halafu Trinity, demu wake, anamwambia maneno yake na kumbusu na jamaa anafumbua macho. Kibanda kililipuka, viatu vilirushwa, mtu alilia nakuambia. Sheria imetimia.

Kisha ikaja 2003, namba mbili mwezi wa tano, namba tatu tarehe 5 Novemba, mwaka mmoja. Na kwenye namba tatu wakatufanyia kitu ambacho mpaka leo kuna watu hawajasamehe. Trinity anakufa kwanza, chuma zimempita mwilini kwenye ajali ya chombo. Neo keshakuwa kipofu, anakwenda kusimama mbele ya mashine zilizowafungia binadamu kwenye ile dunia ya uongo ya Matrix, anakubali Smith, yule adui mkubwa mwenye suti, amgeuze, anakufa ili vita iishe. Mashine zinaubeba mwili wake mikono imetandazwa. Halafu majina yanapanda. Sisi tumekaa tu, tunasubiri anyanyuke, majina yanapanda, tunasubiri, mpaka mzee akazima tivii, na jamaa mmoja akasimama kwa hasira kabisa akadai arudishiwe mia yake kwa sababu ameuziwa muvi ambayo stelingi kafa.

Kwa hiyo mimi niliposikia 2019 kwamba wanatengeneza ya nne na Keanu Reeves (Neo) yumo na Carrie-Anne Moss (Trinity) yumo, sikuwaza wala falsafa wala nini. Niliwaza yule jamaa na mia yake.

Miaka 18 na mwezi mmoja na kitu. Kutoka Novemba 2003 mpaka tarehe 22 Desemba 2021. Huo muda mtu anazaliwa anafika kidato cha sita. Na tatizo la kusubiri kitu kwa muda huo ni kwamba hukai bure, unakitengeneza mwenyewe kichwani. Mimi nilikuwa na Matrix yangu ya nne kamili, najua inaanzaje, najua Neo anarudi vipi, najua Morpheus, mwalimu wake, amezeeka anatembelea fimbo, na ilikuwa tamu sana kwa sababu hakuna dola hata moja iliyotumika na hakuna mwigizaji aliyekataa kuja. Muvi ya kweli ikija inakuta kiti kimekaliwa. Na waliotoka wanalalamika ukiwasikiliza vizuri wengi hawasemi muvi ni mbaya, wanasema siyo ile.

Niliiangalia sebuleni na kaka yangu mkubwa, yeye ndo alikuwa ananilipia kibandani zamani. Kijana wa mtaani alituwekea kwenye flashi. Kaka alikuja na karanga, akakaa, akasema "haya, tuone wamemfufuaje". Baada ya nusu saa akaanza kushika simu. Dakika ya arobaini akaniuliza, "We dogo, hawa watapigana saa ngapi?"

Nalibeba hilo swali, nitalirudia, maana kwangu ndo uchambuzi wote wa hii muvi.

Kwanza tuseme muvi yenyewe inafanya nini. Neo yupo hai, amerudishwa ndani ya Matrix, anaitwa Thomas Anderson kama mwanzo, ila safari hii ni mtengeneza gemu maarufu. Na gemu iliyompa umaarufu inaitwa Matrix, ziko tatu. Yaani yale yote tuliyoyaona sisi, kule ndani ni gemu aliyoibuni yeye, na kila siku anameza vidonge vya bluu anavyopewa na daktari wake wa akili ili asiamini kwamba yalitokea. Halafu bosi wake anamwita ofisini anamwambia kampuni mama, na wanaitaja kwa jina kabisa, Warner Bros., inataka namba nne, na itatengenezwa sisi tuwepo tusiwepo.

Nilisimamisha muvi pale. Nikarudisha nyuma. Kwa sababu Warner Bros. ndo waliotoa hela ya hiyo muvi ninayoiangalia! Ni kama fundi umempa kazi ya kukushonea kanzu halafu kifuani anatarizi kwamba mwenye kanzu hii alinilazimisha. Halafu kinafuata kikao cha vijana wa ofisini wanabishana gemu mpya iwe na nini, huyu anasema bunduki, huyu anasema falsafa, huyu anasema bila risasi kusimama hewani sio Matrix, na Anderson amekaa katikati yao anaisha taratibu kama sabuni. Hapo sisi ndo tunachekwa. Ile ni sauti yangu mimi na Matrix yangu ya kichwani.

Wengi hapa walikasirika wakasema muongozaji Lana Wachowski katudharau. Mi sikuona dharau. Niliona mtu anasema ukweli mapema ili tusidanganyane, kwamba hii kitu imezaliwa na hela, sasa ngoja nione ndani ya hela ninaweza kuweka nini. Na yaliyofuata yamempa haki, maana Aprili 2024 studio ikatangaza ya tano, mwandishi na muongozaji ni Drew Goddard, Lana jina lake lipo kwa juu kama prodyuza mtendaji tu. Tuwepo tusiwepo. Alishasema kwenye muvi yenyewe, miaka miwili na ushee kabla.

Na alichokiweka ndani ya hela ni msiba. Hili sikulijua siku naangalia, nilikuja kulijua baadae na likanibadilishia muvi nzima. Lana na mdogo wake Lilly ndo waliotengeneza tatu za mwanzo pamoja, miaka yote studio inawaomba ya nne wanakataa. Halafu wazazi wao wakafariki wakifuatana, na rafiki naye, na Lana akaeleza Berlin mwaka 2021 kwamba usiku mmoja hana usingizi, analia, hadithi nzima ikamjia kichwani. Wazazi hawezi kuwarudisha. Lakini Neo na Trinity anaweza. Lilly yeye hakurudi, alisema kwake kurudi kwenye kazi ya zamani wakati amefiwa ilikuwa haimvutii. Dada na mdogo, msiba mmoja, mmoja anarudi nyumba ya zamani kufungua madirisha na mwingine hataki hata kupita mtaa ule. Wote wawili nawaelewa.

Sasa rudi kibandani. Stelingi hafi. Sisi tulidhani ni sheria ya burudani, ya watoto waliolipa mia, kumbe ukiiangalia kwa jicho la mtu aliyefiwa ni dua. Kwenye namba tatu walikuwa vijana wa miaka thelathini na kitu, wakamuua stelingi kwa ujasiri kabisa, kwa sababu kijana anaona kufa ni wazo zuri la kumalizia hadithi. Mtu wa miaka hamsini na zaidi ambaye ameshazika hawezi tena kuona hivyo. Anataka warudi, basi, hata kama hadithi itaharibika, hata kama itabidi kupindisha. Na kweli imepindishwa, maelezo ya walivyofufuliwa yanapita haraka haraka, mashine ziliwaokota zikawaunga unga, miaka 60 imepita, mashine zenyewe zikapigana vita baina yao, kuna mji mpya unaitwa Io na wanalima stroberi, Niobe, yule nahodha wa tangu namba mbili, amekuwa bibi. Sawa. Ukiwa unatafuta mantiki pale utachoka, mi nimeacha.

Kwa hiyo kwenye kutunyima tulichokitaka naona alikuwa na haki yote. Katunyima Morpheus wa Laurence Fishburne, katuletea Yahya Abdul-Mateen wa Pili ambaye kwa maelezo ya muvi ni programu iliyotengenezwa na Neo mwenyewe, na mi kijana nilimpenda, anavaa yale masuti ya rangi za maembe kama bwana harusi. Katunyima Smith wa Hugo Weaving, hapo ndo niliumia, maana Jonathan Groff ni mwigizaji mzuri ila ana uso wa mtu atakayekurudishia chenji yako iliyozidi. Vyote hivyo nakubali. Hata ule mwanga wa kijani wameuondoa, Matrix mpya inang'aa, jua la asubuhi, maua, na lina maana yake, gereza la zamani lilikuwa linanuka gereza, la sasa linapendeza kiasi hutaki kutoka. Nani humu ndani hajui gereza la aina hiyo.

Ila ngumi jamani.

Hapa ndo nasimama na kaka yangu. Watu wasomi wakiongelea Matrix wanakimbilia falsafa, pango la Plato, Baudrillard, kidonge chekundu kidonge cha bluu, na wanaongea kama vile kung fu ilikuwa sukari ya kutumezesha dawa. Sio kweli. Kwenye ile ya kwanza ngumi ndo ilikuwa dawa yenyewe. Fuatilia mapigano matatu tu. La kwanza kule kwenye doja Neo na Morpheus, jamaa ana nguvu, ana ufundi wote umemwagwa kichwani, na bado anapigwa kwa sababu anaamini kwamba ana mwili, na Morpheus anamuuliza unadhani hiyo unayohema ni hewa. La pili stesheni ya treni za chini, Smith yupo, wote kabla ya hapo wakimuona jini wanakimbia, na Neo anageuka. Anasimama. Hajashinda bado ila ameacha kukimbia. La tatu kwenye korido baada ya kufufuka, anapigana na Smith kwa mkono mmoja, mwingine ameuweka nyuma, hata hamwangalii sana, kama mtu anayefukuza nzi huku anawaza mambo mengine. Mwanafunzi, mbishi, aliyejua. Safari nzima ya imani ya mtu imeelezwa na mikono, mtu asiyejua Kiingereza hata neno moja ameipata yote, na sisi ndo tulikuwa hao watu wasiojua Kiingereza hata neno moja.

Na hili halikutokea kwa bahati. Walimleta Yuen Woo-ping kutoka Hong Kong, huyu ndo aliyemuongoza Jackie Chan kwenye Drunken Master mwaka 1978, kwa hiyo sisi watoto wa kibanda tulikuwa tunamjua kwa mikono yake kabla hatujajua jina lake, tulivyoona wazungu wanapigana vile tukasema hii ni ya Kichina hii. Na akawaweka waigizaji mazoezini karibu miezi minne kabla kamera haijawashwa. Keanu alikuwa ametoka kufanyiwa upasuaji wa shingo, kupiga teke ilikuwa shida, wakamjengea mapigano kwa mikono kwanza. Kamera ya Bill Pope inakaa mbali, unaona mwili mzima kuanzia kichwa mpaka kiatu, ngumi inatoka hapa inafika pale, hukatiwi katiwi. Ile picha ya risasi, Neo anazikwepa huku muda umekuwa mzito, walizungusha kamera za picha mnato kama 120 kumzunguka mtu mmoja anayeanguka kinyumenyume. Kwa mwendelezo wa 2003 wakajenga barabara kuu yao wenyewe ya zaidi ya kilomita mbili, kwenye uwanja wa zamani wa ndege za jeshi la maji kule Alameda, ili wavunje magari kwa nafasi.

Njoo 2021. Yuen hayupo. Bill Pope hayupo. Kamera iko karibu inatikisika, inakata kabla ngumi haijafika, unasikia tu kishindo na unaambiwa amini. Na Neo, stelingi wangu mimi, muda mwingi anapigana kwa kunyoosha viganja mbele, anasukuma hewa, kama mtu wa pembeni ya barabara anayemzuia bodaboda. Mara moja sawa. Mara ya pili sawa. Kuanzia ya tatu kaka akasema "huyu anaogopa kuchafuka". Usiniambie ni uzee, Keanu huyo huyo 2019 alikuwa kwenye John Wick ya tatu anapigana na watu mpaka maktaba, akitumia kitabu, na 2023 akarudi na ya nne akapigana kwenye ngazi za Paris. Mwili upo. Hawakuuomba.

Na hapa kuna kituko ambacho sijui kama Lana alikusudia nichekee au nilie. Trinity ndani ya Matrix mpya anaitwa Tiffany, ana mume na watoto, na mume wake anaitwa Chad. Anayecheza kama Chad ni Chad Stahelski. Huyu Stahelski ndo aliyekuwa anaruka na kuanguka badala ya Keanu kwenye ile ya 1999, na ndo baadae akaja kuongoza hizo John Wick. Yaani mtu anayejua mapigano ya Keanu kuliko binadamu yeyote aliye hai, alikuwepo pale seti, amevalishwa sweta, ameambiwa asimame aseme sentensi mbili kama mume. Mpishi mkuu kaalikwa harusini akapewa kazi ya kupanga viti.

Utaniambia ndo maana yenyewe, muvi inakataa mapigano makusudi kwa sababu inasema upendo ndo silaha. Nimelifikiria hilo, nikaiangalia mara ya pili kwa ajili hiyo tu, na kuna sehemu moja inakaribia kunishinda. Yule daktari wa akili, Neil Patrick Harris, kumbe ndo mwenye hii Matrix mpya, na yuko na Neo gereji ya pikipiki, Trinity yupo mbele yao. Anapiga risasi kuelekea kwa Trinity. Na anaitumia ile ile picha ya risasi ya 1999 kama kamba, safari hii Neo ndo ametumbukia kwenye ule muda mzito, anajikokota kama yuko kwenye asali, na daktari anatembea kawaida, anaongea, anatania, anazunguka, anamuelezea kwamba amegundua binadamu akitendewa vibaya ndo anatoa nguvu zaidi, hasa kwa kutamani na kuogopa, kwa hiyo ukiwaweka wawili wanaopendana karibu karibu lakini wasifikiane unavuna umeme kuliko zamani. Kitu kilichomfanya Neo kuwa huru kimegeuzwa pingu. Hilo ni wazo kali kabisa, na limeonyeshwa, halijaongelewa tu. Shida ni kwamba dakika zinazobaki daktari anaongea. Anaongea gereji, anaongea mwisho, tena anaongea. Yule mzee wa kibanda angechoka kutafsiri.

Na kama upendo ndo silaha basi nao ni wa mwili, hauwezi kuukimbia mwili. Sehemu nzuri kuliko zote ni ya watu wawili wa makamo mezani mgahawani. Wanashikana mikono kusalimiana na wanachelewa kuachiana, sekunde mbili tatu hivi, na Tiffany anauliza kama wameshawahi kuonana. Carrie-Anne Moss pale anafanya kitu na macho, kama mtu anayenusa harufu ya nyumba aliyoishi utotoni na hajui inatoka wapi. Hakuna kompyuta, hakuna mlipuko. Kaka aliweka simu chini.

Kibiashara haikwenda. Bajeti inatajwa kuwa dola milioni 190 na dunia nzima haikufikisha milioni 160, ilitoka wakati wa korona, siku hiyo hiyo ikawekwa kwenye HBO Max watu wakae nayo nyumbani Marekani, na siku tano kabla Spider-Man alikuwa ameshaingia kumbini na mastelingi watatu kwa mpigo. Halafu hapo hapo angalia tofauti, kule watu walipewa kila walichokiota, hawakunyimwa kitu, kumbi zikajaa. Sishangai. Na mimi nililipia hiyo pia, tusijifanye.

Ila sijui hata moja ya Spider-Man niliyoikumbuka wiki iliyofuata, na mwisho wa Matrix hii naukumbuka mpaka leo. Wamekimbizwa usiku kucha San Francisco, watu wa kawaida waliopandwa wanajirusha wenyewe kutoka madirishani kama mabomu, Neo na Trinity wanafika juu ya ghorofa, helikopta zinawamulika, kunakucha. Wanashikana mikono wanaruka. Waliruka kweli. Keanu na Carrie-Anne wenyewe, ghorofa la arobaini na kitu, wamefungwa nyaya, asubuhi na mapema, zaidi ya mara kumi, kwa sababu Lana aliutaka ule mwanga wa alfajiri wenyewe na sio wa kompyuta. Na inaonekana! Nyuso zao zina ule woga ambao hauigizwi. Wakati wote nilikuwa naiuliza muvi mwili uko wapi, mwili ulikuwa umewekwa pale, kwenye kuruka kumoja.

Wanaanguka. Neo ndo mwenye kupaa, wote tunajua, tangu 1999 anapaa, na muvi nzima amejaribu kupaa ameshindwa, ananyanyuka vidole tu anarudi chini. Kaka akasema "haya sasa, stelingi, paa". Na Neo hapai. Mkono wa Trinity ndo unakaza, anguko linasimama, na ni yeye anayemshikilia Neo hewani, Neo mwenyewe anashangaa ananing'inia kama mtoto.

Kaka alikaa kimya kidogo anamenya karanga.

"Kumbe," akasema, "mwaka ule tulimuuliza mzee stelingi nani, akatuonyesha asiyekuwa."